Bastola ya eksirei na vigae vya vyungu: uzoefu wangu baada ya misimu mitatu

Siku ya kwanza kifaa hiki cha mkononi, kinachopima kwa eksirei elementi zilizomo kwenye kitu, kilinilewesha. Unakigusisha kwenye kigae, unabonyeza triga, unasubiri dakika moja au mbili, skrini inajaa namba: chuma, titani, rubidi, stronti, zirkoni. Husagi kitu, wala husubiri maabara ikujibu baada ya miezi. Jioni nilikuwa na vigae 80 vimepimwa, na kichwa kimenivimba.

Kwenye grafu viligawanyika makundi mawili, na kundi moja lilikuwa na kalsiamu nyingi mno. Nikaanza kuwawazia wafinyanzi wawili, kila mmoja na machimbo yake ya udongo. Kesho yake mwenzangu anayeosha vigae akachungulia orodha yangu: "Hivi si vile vya mfuko ambao sijaupiga brashi bado?" Ndivyo vyenyewe. Nilikuwa nimepima majivu na chokaa iliyogandia juu, chungu chenyewe sijakigusa.

Tangu hapo sipimi uso wa nje nikiwa na njia nyingine. Nikiruhusiwa, namega ukingo kidogo kwa koleo na kupima pale palipovunjika upya. Sababu ni kwamba kila elementi husomwa kwa kina chake. Eksirei inang'oa elektroni ya ndani ya atomu, ya nje inashuka kuziba pengo, na mng'ao unaotoka ndio unaoitambulisha elementi. Mng'ao wa silikoni na alumini ni dhaifu, kwa hiyo unachosoma kinatoka kwenye tabaka jembamba kuliko unywele. Wa zirkoni unaweza kutoka milimita kadhaa ndani. Kwa hiyo chungu kikiwa kimepakwa udongo mwekundu juu, kipimo kimoja kinakuletea rangi na mwili wa chungu vikiwa vimechanganyika. Sodiamu isahau kabisa, mng'ao wake ni dhaifu zaidi.

Mchanga nao ni kisirani. Kuna kigae kimoja kinene nilichokipima mara tano, nikikisogeza kidogo kila mara. Mara nne zirkoni ilikaribiana, ya tano ikaruka karibu maradufu: dirisha la kifaa, pale mionzi inapotokea, lilikuwa limekalia punje ya mchanga. Sasa napima sehemu tatu hadi tano na kuchukua wastani. Kwa vyungu vya mchanga mkubwa dawa ni kusaga unga, ila ukishasaga, ile sifa ya kutoharibu kitu imeondoka. Vigae vyembamba navyo naviweka kando, maana mionzi inapenya hadi upande wa pili na zirkoni inasomeka pungufu.

Mpangilio wa kiwandani, unaogeuza mng'ao kuwa namba, ulitengenezwa kwa udongo wa kawaida na mawe ya madini, si kwa vyungu. Mimi hupima sampuli ya rejea, udongo wa matofali SRM 679 wa NIST (taasisi ya viwango ya Marekani) ambao viwango vya elementi zake vinajulikana, asubuhi, mchana na jioni. Bila hivyo usithubutu kuchanganya namba zako na za kifaa cha mwenzako, hata kama ni modeli ileile. Jua likipanda kifaa hupata joto na kujizima, kwa hiyo kitafutie kivuli. Na kigae hakishikwi kwa vidole mbele ya dirisha, maana mionzi inapita hapo. Tumia stendi, hata kama una haraka.

Ningekichukua tena? Ndiyo, kwa kazi ya kuchambua. Kutoka kwenye mamia ya vigae kinanisaidia kuchagua 30 vya kupeleka kwenye upimaji wa nyutroni, ule wa maabara ulio makini zaidi, na kwa kioo cha volkano, ambacho hakina punje, ni hodari kwelikweli. Aliyetuonyesha kifaa kabla ya kukinunua alikijaribia kwenye bamba la chuma lililosuguliwa likang'aa. Angekijaribia kwenye kigae chenye tope tungeuliza maswali mengine.

Beba pia utando wa akiba wa dirisha. Ni mwembamba ajabu, na ukingo wa kigae ni kisu. Wangu ulitoboka siku ya pili.