WeeWX na Home Assistant: kompyuta moja au mbili?

WeeWX hukusanya vipimo vya kituo cha hali ya hewa; Home Assistant huendesha vifaa vya nyumbani. Ukizitaka zote mbili, kwa gharama kompyuta moja inashinda bila ubishi. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye RAM ya GB 4 inazibeba programu zote mbili kwa adapta moja. Ila Home Assistant OS, toleo lenye mfumo endeshi wake, hutaka mashine nzima iwe yake. Ukitaka ikae na mwenzake kwa amani, iendeshe ndani ya Docker, yaani kasha linaloitenga na programu nyingine, na hapo unakosa programu-jalizi zake. Wengine hilo haliwasumbui.

Kwa uimara, mbili zina nafuu kubwa. Home Assistant hutoa toleo jipya kila mwezi, na sasisho likikwama likaiangusha mashine, WeeWX nayo inazimika. Kwa kawaida WeeWX huhifadhi rekodi kila dakika 5. Kituo kisicho na kumbukumbu ya ndani hakikurudishii mvua iliyopita mashine ikiwa imelala. Hifadhidata mbili pia huichosha kadi ya SD, basi tumia diski ya SSD.

Matunzo? Mbili unasasisha mara mbili, kisha unaziunganisha kwa MQTT, njia ya vifaa kutumiana ujumbe. Si kazi ya kutisha.

Anayetunza takwimu za miaka azitenganishe. WeeWX inatosheka hata na Pi ya zamani. Anayetaka tu pazia lijikunje upepo ukivuma, moja inamtosha.