Websaiti za kaunti za Texas za kuangalia kodi ya nyumba: wenye ndugu Houston someni kabla hela haijatoka

Nyota 4 kati ya 5, ile moja niliyobana nitaisema mbele.

Naandika hii kwa sababu kwenye magrupu ya hapa Chuga (Arusha) kila mtu ni mtaalamu wa Marekani, utasikia tu "kodi ya nyumba Texas ni asilimia mbili" na mjadala umefungwa. Hamna kitu kama hicho jamani. Texas kama jimbo haitozi hata senti ya kodi ya nyumba, na kodi ya mshahara ya jimbo pia haina, sasa hela ya shule na barabara na polisi inatoka wapi kama sio kwa wenye nyumba, ndo hapo kaunti, shule, miji na taasisi kibao kila mmoja anajipangia kiwango chake. Na kaunti ziko 254.

Mdogo wangu anataka kununua nyumba upande wa Katy, pembeni ya Houston, na kwetu hesabu zote za familia huwa zinaishia kwangu huku Njiro, nikaambiwa dada tupigie hizo namba. Vile vikokotoo vya bure unavyoweka bei ya nyumba na jina la jimbo vinakutemea jibu, achana navyo, vinakupa wastani, na wastani haulipi bili ya mtu. Nenda moja kwa moja kwa wakadiriaji wa kaunti yenyewe: Harris ni hcad.org, Fort Bend ni fbcad.org. Hujisajili, hulipi, unaandika namba ya nyumba na mtaa basi. Inakuja thamani yake mwaka kwa mwaka, ukubwa, mwaka iliyojengwa, na jina la mwenye nyumba kabisa! Mimi hapo nilicheka, maana huku kutaka kujua kiwanja cha Moshono ni cha nani mpaka uombe upekuzi ofisi ya ardhi na ulipie.

Utamu wenyewe ni ile orodha ya wanaodai kodi. Katy ni mji mmoja ila umekaa ndani ya kaunti tatu, Harris, Fort Bend na Waller, kwa hiyo watu wa mji huo huo wanaopishana dukani hawana bili moja. Wa Harris kwenye bili ana mstari wa kaunti, wa kuzuia mafuriko, wa bandari ya Houston, na wa hospitali za umma. Wa Fort Bend huo wa hospitali hana, ila ana wa mitaro. Dogo akarukia hapo hapo, "si tununue Fort Bend dada", nikamwambia tulia kwanza.

Kwa sababu fungu kubwa mara nyingi sio la kaunti, ni la shule. Na wilaya ya shule ya Katy imevuka mipaka ya kaunti zote tatu, ukihama Harris kwenda Fort Bend ukabaki humo humo, kiwango cha shule hakisogei. Halafu kuna kitu kinaitwa MUD, hiki ndo kinaua watu kimya kimya. Mtaa mpya ukijengwa nje ya mji, maji na mifereji vinajengwa kwa mkopo, na mkopo unalipwa na wenye nyumba wa mtaa huo kupitia kodi, miaka na miaka. Viwango wanavihesabu kwa kila dola 100 ya thamani, tuseme MUD ni senti 60, kwa nyumba ya dola 350,000 hiyo ni 2,100 kwa mwaka, juu ya kila kitu kingine. Mtaa wa zamani ambao deni limepungua unaweza kuwa chini sana, na nyumba zisizo kwenye MUD zipo kaunti zote. Yani tofauti ya mtaa na mtaa inaweza kumeza tofauti ya kaunti na kaunti, na hii websaiti inakuonyesha nyumba kwa nyumba, ndo maana naisifia.

Kitu kingine, msiangalie bili ya anayeuza mkashangilia. Anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe na ameomba ule msamaha wa kodi wanaouita homestead, thamani yake ya kodi hairuhusiwi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na akifika miaka 65 kodi ya shule inagandishwa. Mzee aliyekaa hapo miaka mingi bili yake inaonekana kama zawadi, ukinunua wewe ile nafuu inaondoka naye. Angalia safu ya thamani ya soko, toa msamaha wako mwenyewe, ndo uzidishe viwango. Upande wa shule msamaha ulikuwa dola 40,000 mwaka 2022, 2023 ukawa 100,000, Novemba 2025 wapiga kura wakapitisha 140,000. Kwa hiyo kwenye ile 350,000 shule inakutoza kwenye 210,000. Fomu ni bure, anayekuandikia barua akujazie kwa hela mpotezee, na ukinunua ya kupangisha huo msamaha haukuhusu.

Sisi huku tumezoea kodi ya jengo kwenye LUKU, nyumba isiyo ghorofa shilingi 1,500 kwa mwezi inakatwa kwenye tokeni ya umeme, ilikuwa 1,000 mwaka 2021 ikapandishwa 2023, iwe nyumba ya Njiro yenye bustani na geti la umeme au ya vyumba viwili Kwa Mrombo ni ile ile 18,000 kwa mwaka, hamia Moshi ukitaka haibadiliki. Rahisi, sikatai. Ila mpangaji ndo anakatwa halafu aanze kubembelezana na baba mwenye nyumba, na hakuna anayekuuliza nyumba yako ina thamani gani. Kule ukiona wamekukadiria juu unapinga, bure, mwisho kwa kawaida ni tarehe 15 Mei, na watu wanapinga kweli.

Nyota niliyobana: kalenda. Thamani zinatoka majira ya Aprili, viwango vinapangwa Agosti na Septemba, bili zinakuja kuanzia Oktoba na mwisho wa kulipa bila faini ni 31 Januari. Ukiingia Juni unapiga hesabu ya thamani mpya kwa viwango vya mwaka jana, kwa hiyo acha nafasi kwenye bajeti. Na vifupisho vimejaa mpaka kichwa kinauma, kaa na mtu wa kule kwenye simu akufafanulie.

Wa Dallas mna dallascad.org, na Collin wana ya kwao, mpangilio unafanana. Bado sijaipekua ya Waller.