Uzoefu wangu na fundi wa simu wa Kaptembwo hapa Nakuru, wiki ile kila kitu kiliamua kuharibika

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nimeshakanda unga wa chapati kilo nne, stima ikapotea. Nikajua tu ni tokeni za stima zimeisha. Nikanunua hapo hapo na Fuliza, ule mkopo wa Mpesa, maana Mpesa ilikuwa na shilingi kumi na moja, meseji ikaingia na zile namba 20, nikaenda kwa mita naanza kubonyeza, mkono mmoja una unga na huo huo ndio umeshika simu. Nilikuwa nimefika namba ya kumi na mbili. Simu ikateleza ikaingia kwa karai la maji ya kuoshea maharagwe, na kwa sababu mwanga nilikuwa natumia ni wa hiyo simu, giza likanishukia hapo hapo nikaanza kuitafuta kwa maji kama mtu anavua kamongo.

Nikaitoa, ikawaka kidogo, ikacheza cheza rangi ya kijani, ikazima. Namba nane zilizobaki zikabaki huko ndani.

Nilifanya vile kila mtu hufanya, nikaizika kwa mchele. Chapati nikapika kwa gesi na mshumaa, na usiniulize gesi iliisha saa ngapi, iliisha nikiwa na madonge kama ishirini hivi hayajaguswa, na makaa yalikuwa nje usiku mzima na usiku huo mvua ilinyesha. Jirani akanipa jiko lake. Wateja wangu ni watu wa ofisi za pale Kenyatta Avenue, order wananitumia WhatsApp usiku, kwa hivyo siku hiyo nilibeba chapati nikiwa sijui nani anataka ngapi, nikawa nagonga milango kama mtu wa sensa.

Jumanne nikaipeleka kwa duka moja town, sitalitaja. Kijana akaichomeka chaja mara moja, akangoja dakika mbili, akasema mathabodi, ile bodi kubwa ya ndani, imekufa, 7,500, niache simu nikuje Ijumaa. Hakufungua hata skrubu moja. Nikamwambia nitafikiria. Na vile nashuka matatu nikienda nyumbani, mvua, watu wanasukumana, simu ikatoka kwa mfuko wa aproni ikaanguka uso kwa lami. Kioo kikawa utando wa buibui. Hapo sasa nilicheka, wallahi, nilisimama kwa stage nikacheka mwenyewe mpaka makanga akaniuliza kama niko sawa.

Huyu fundi niliambiwa na mama wa mitumba. Yuko Kaptembwo, kibanda cha mabati kando ya barabara, meza moja, hakuna stuli ya mteja, unasimama. Ni kijana mdogo, angekuwa rika la mwanangu wa pili. Nikamweleza yote, mpaka mchele. Akasema, "Mathe, mchele ni wa pilau." Kisha akauliza kama niliichaji ikiwa na maji. Nikasema mimi hapana ila kuna mtu town aliichaji. Akatikisa kichwa tu, hakumsema yule mtu vibaya, hiyo niliipenda.

Akaifungua mbele yangu. Akapasha mgongo moto na ile mashine ya upepo, akatoa skrubu akizipanga kwa kifuniko cha soda kwa mpangilio, akatoa bodi akaiweka chini ya ile mashine kama ya kupimia malaria hospitalini, akaniambia niangalie. Niliona kweli, kwa pembe moja kuna kitu kijani kijani kama ukungu wa mkate. Akasema hiyo ndiyo kutu ya maji, ukipitisha moto wa chaja kwa bodi iko na maji ndiyo inakimbia haraka, na mchele haiwezi kuitoa, kazi yake ni kuacha unga wake kwa mdomo wa chaji. Baadaye mwanangu akanionyesha hata Apple wenyewe mwaka 2024 waliambia watu waache hiyo mambo ya mchele. Miaka yote hiyo nikiharibu mchele!

Akachukua mswaki mzee, kweli mswaki wa meno, akachovya kwa spiriti akaanza kusugua pole pole. Halafu akaingiza pini kwa mdomo wa chaji akavuta kitu. Kumbe ni kijidonge cha vumbi na nyuzi za aproni, kimeshikana na punje nusu ya mchele, saizi ya njugu ndogo. Mnaojua vumbi la Nakuru la Januari mnaelewa. Miezi mitatu nimekuwa nikilaza simu kwa upande fulani ndiyo ishike chaji, nikinunua kebo mpya kila wakati, kumbe shida ni hiyo.

Mathabodi haikuwa imekufa. Alichomeka skrini yake ya majaribio nikaona picha ya wajukuu wangu, nikataka kulia.

Sasa bei. Kuosha bodi 500. Skrini aliniambia ukweli bila kuzunguka: orijino 7,800, kopi 3,200, na kopi itakuwa na mwanga mdogo juani, na kile kidole unaweka kwa kioo ndiyo ifunguke hakitafanya kazi tena, utatumia namba ya siri. Nikachukua kopi. Mimi simu ni ya order na simu za watoto, sio sinema. Akasema skrini lazima aitoe town, nimpe 1,500 kwanza na nikuje "kesho saa nne".

Hapo nikamuuliza, na siku hizo zote nitafanya kazi na nini? Akatoa kabambe kwa droo, ile ya vibonyezo, mulika mwizi yenyewe. Laini yangu ni ile ndogo kabisa haikuweza kukaa, akanipa adapta ya plastiki ya bure akaiweka. Kitu cha kwanza nilifanya nikiwa bado nimesimama pale ni kubonyeza *977# ya watu wa stima nikapata zile namba zangu 20, nikaziandika kwa karatasi ya unga. Jioni nyumba ikawaka. Mpesa nayo ikafanya kazi bila shida kwa *334#, na ukifikiria, Mpesa ikianza 2007 wengi wetu si tulikuwa na simu za aina hiyo hiyo? Shida ilikuwa Fuliza tu, kila mteja akilipa inameza kwanza.

Namba za watu ndizo zilinisumbua. Zote zilikuwa Google, kwa laini hakuna hata moja. Mtu anapiga, "Mama Chapo, niongezee mbili," na mimi nauliza mbili za nani. Order za WhatsApp mwanangu alikuwa anasoma kwa laptop yake, bahati nzuri alikuwa ameiunganisha zamani, inaendelea bila simu kama siku 14 hivi kabla ijitoe, ananipigia usiku ananisomea kama taarifa ya habari.

Sasa ubaya wake pia niseme. Kesho saa nne ya huyu kijana ilikuwa Jumamosi saa tisa. Nilienda Alhamisi, skrini haijafika. Nilienda Ijumaa, kibanda kimefungwa na hakunipigia. Nauli ya tuktuk mara mbili bure, na mimi magoti yangu si ya kusimama. Risiti hatoi mpaka umuombe, na ukimuomba anaandika kwa kipande cha katoni, ingawa aliandika vizuri: tarehe, IMEI (ile namba ya kutambua simu), bei, na wiki mbili za gwarantii ya skrini bila kuhesabu kuangusha. Alisema hiyo ya kuangusha akiniangalia machoni.

Simu imeshika wiki ya tatu sasa. Chaji inaingia ukiiweka vyovyote. Juani ni kweli sioni kitu, natafuta kivuli kwanza, na kidole kweli hakifungui. Mgongo umeanza kuachia gundi kidogo kwa kona ya chini, nimemwambia, akasema nipite Jumamosi airudishie bila pesa. Jumamosi ya kwake mwenyewe anajua ni siku gani.

Na kabambe bado niko nayo. Iko kwa mfuko wa aproni, chaji nimeweka mara mbili tu tangu siku ile. Nilitaka kumrudishia akasema nikae nayo mpaka nikuje ya gundi, lakini nisikuje mikono mitupu, nikuje na chapati nne na maharagwe.