Uzoefu wangu: Makumbusho ya sake ya ukoo wa Okura, Fushimi

Ukichoka na mahekalu ya Kyoto, panda treni ya Keihan ushuke Chushojima. Kutoka hapo ni mwendo mfupi tu kwa miguu hadi Makumbusho ya Okura ya kampuni ya Gekkeikan. Ukoo wa Okura ulianza kutengeneza sake, pombe ya mchele ya Kijapani, hapo Fushimi, kusini mwa Kyoto, mwaka 1637, na kampuni bado iko mikononi mwao. Vita vya mwaka 1868 viliteketeza sehemu kubwa ya mji, lakini kiwanda chao kikapona.

Niseme mapema: hapa ni makumbusho, ndani ya jengo la mwaka 1909. Unachoona ni vyombo vya kazi: mapipa ya mbao marefu kuliko mtu, makasia ya kukorogea, ndoo, vitambaa vya kuchujia. Watengenezaji wengi walikuwa wakulima, walioacha mashamba yao majira ya baridi na kuja kukesha viwandani. Walikoroga wakiimba, na wimbo ndio uliokuwa saa yao: beti zikiisha, zamu ya kukoroga imetimia.

Kwa sisi tuliokulia Moshi, utamu uko kwenye maelezo ya koji. Mbege inahitaji kimea cha ulezi, maana ulezi ukishaota ndio unaogeuza wanga kuwa sukari. Wajapani hawaoteshi mchele. Wanaukoboa sana, wanaupika kwa mvuke, kisha wanaunyunyizia ukungu uitwao koji, nao unafanya kazi ile ile ya kimea. Pipani, wanga unageuka sukari huku hamira ikiigeuza sukari hiyo kuwa pombe, yote kwa mpigo. Ndiyo maana sake inaweza kufika kama asilimia 20 bila kupitishwa kwenye mtambo kama gongo! Kabla ya kutiwa chupani huongezwa maji ikashuka hadi 15 au 16.

Nilisimama sana pia mbele ya kichupa cha mwaka 1910 kilichouzwa stesheni za treni. Kifuniko chake ni kikombe: abiria anakichomoa, anajimiminia, safari inaendelea. Mwaka uliofuata wakaanza kuuza sake ya chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuharibika. Nani alisema kampuni za ukoo haziendi na wakati?

Uani kuna kisima cha maji ya kutengenezea sake, na wageni wanaruhusiwa kuyanywa. Ni baridi, laini, hayana ukali wowote mdomoni. Shemeji yangu hagusi kilevi, na hapo ndipo alipofurahia kuliko sisi sote.

Mwisho unaonja. Ginjo, sake ya mchele uliokobolewa zaidi, ilinishinda nguvu: harufu ya ndizi mbivu, halafu inateleza kooni bila kuchoma. Kabla ya hapo niliwahi kupewa sake kwenye mgahawa mmoja, sitautaja, imechemshwa hadi inatoa machozi, na nikaapa sirudii. Kiapo nimekivunja. Ya baridi ni kinywaji kingine kabisa.

Weka nafasi mapema kabla ya kwenda, na usiende na njaa, kwa sababu vikombe ni vidogo lakini vinapanda kichwani. Ukinunua chupa ya ginjo, iweke kwenye friji na uinywe ndani ya mwaka. Ukishaifungua, usiikawize.