Duka la dawa la Kondele linalouliza kabla ya kuuza

Anayemeza dawa za presha na sukari hulirudia duka la dawa kila mwezi kwa miaka mingi, na ndiyo maana nimeona inafaa kulieleza kwa kirefu duka moja dogo lililoko Kondele, hapa Kisumu, ambako sasa tunamnunulia mama dawa zake. Leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu imebandikwa ukutani mahali pa kuonekana, na anayehudumia ni mfamasia mwenyewe. Lakini sifa yake kubwa kwangu ni kwamba hauzi dawa kabla ya kujua mgonjwa anameza nini kingine.

Tulipofika mara ya kwanza tuliweka kaunta karatasi ya daktari, tukitarajia kutajiwa bei. Aliisoma, akamtazama mama, akamuuliza, "Mama, na zile unazotumia nyumbani ziko wapi?" Mama alizitoa mkobani zikiwa zimefungwa kwa leso. Mfamasia alizipanga moja moja na kusoma maandishi madogo yaliyo chini ya jina la biashara, yale ambayo wengi wetu hatuyaangalii. Pakiti moja ilikuwa ya Norvasc, iliyoandikwa katika hospitali moja ya binafsi. Nyingine, yenye jina na rangi tofauti kabisa, ilitoka kliniki nyingine. Zote mbili zilikuwa amlodipine, dawa ya presha, ya miligramu 10, na miligramu 10 ndicho kipimo cha juu cha siku nzima. Mama alikuwa akimeza zote mbili kwa utiifu, na vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba, jambo ambalo nyumbani tulidhani limeletwa na kusimama sokoni mchana kutwa. Kuvimba miguu ni athari inayojulikana ya amlodipine, na huongezeka kadiri kipimo kinavyopanda. Mfamasia alimpigia simu daktari mbele yetu, wakakubaliana ibaki moja.

Iliyobaki ni ile ya jeneriki, yaani nakala ya bei nafuu ya dawa ileile, na hapa alitueleza kwa uvumilivu kwamba kiambato kinachofanya kazi mwilini ni kilekile na kipimo ni kilekile, ila jina la biashara ndilo linalolipiwa zaidi. Tofauti ya bei kwa mwezi inatununulia unga. Hata hivyo, nafuu kubwa zaidi tuliipata kwa kuacha kununua dawa isiyohitajika, na hiyo haiwezi kuonekana kwenye orodha ya bei ya duka lolote.

Katika leso ileile palikuwa na diclofenac, dawa ya maumivu, ambayo mama alikuwa akijinunulia kwa ajili ya magoti. Mfamasia aliitenga pembeni. Dawa za jamii hiyo, ibuprofen ikiwamo, zinaweza kupandisha presha na kuzielemea figo, na hatari huongezeka zinapokutana na losartan, dawa nyingine ya presha, na dawa ya kukojoza kama hydrochlorothiazide, ambazo mama anazitumia zote. Angeweza kuiuza tu, kwa kuwa tulikuwa tayari kulipa. Badala yake alimshauri atumie paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa, kisha akawaonyeshe magoti hayo kliniki. Nimeshuhudia pia akimkatalia mteja antibayotiki kwa sababu hakuwa na karatasi ya daktari, na mteja akaondoka amekasirika.

Kuhusu metformin, dawa ya sukari, alikuwa na neno moja zuri. Ile ya mama ina herufi XR, maana yake dawa hutoka polepole ndani ya tumbo, kwa hiyo haikatwi wala haisagwi, na humezwa pamoja na chakula. Aliongeza kwamba ganda la kidonge huweza kuonekana chooni likiwa zima ilhali dawa yenyewe imeshaingia mwilini. Mama alicheka kwa faraja, kwani alikwisha kuliona na kuamini kwamba ameuziwa dawa bandia.

Wanaotumia insulini hupewa chupa ndani ya kikasha chenye barafu iliyofungwa kwa kitambaa, kwa kuwa insulini iliyoganda haifai tena. Jirani yetu, ambaye hana friji, alielekezwa kuihifadhi katika chungu kilichowekwa ndani ya chungu kingine chenye mchanga uliolowa, njia inayosaidia sana katika joto la Kisumu.

Kasoro zipo. Foleni ni ndefu, maana maswali hayo yote huchukua muda, na hakuna viti vya kutosha kwa wazee. Dawa huisha mwisho wa mwezi, hasa losartan, kwa hiyo ni vyema kununua kabla ya pakiti ya nyumbani kubakiwa na vidonge vichache. Bei hazijaandikwa popote, ningependa ziandikwe. Malipo ni taslimu au M-Pesa tu, na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, haitumiki hapo. Jambo hili mfamasia halifichi: huwaambia wateja wajaribu kwanza zahanati au kituo cha afya cha serikali, ambako waliojiandikisha SHA hutibiwa bila malipo, kisha waje kwake kwa dawa ambazo huko zimekosekana. Mfanyabiashara anayemwelekeza mteja mahali pa bure anastahili kuaminiwa na wateja wake.

Duka hufunguliwa hadi usiku, na Jumapili baada ya ibada, ila siku hiyo mfamasia huwa hayupo na msaidizi huuza tu dawa ambazo mteja ameshazizoea. Mwenye orodha ndefu, au aliyetibiwa na madaktari zaidi ya mmoja, aende siku ya kazi asubuhi, abebe kila pakiti aliyo nayo, hata za mitishamba, pamoja na kadi ya vipimo vyake vya presha.