TAHADHARI: Unga wa "soya ya protini 70" unaouzwa Kadutu

Wamama wa Bukavu, hasa mnaopikia watoto buyi (uji), someni hii kabla ya kwenda sokoni.

Wiki iliyopita, pale Kadutu, muuzaji mmoja aliniuzia kilo 5 za unga wa soya kwa bei mara mbili ya ile tuliyoizoea. Alisema ni mbegu mpya, protini asilimia 70, na haina haja ya kukaangwa: koroga na maji ya moto, mtoto anywe. Mtoto wa dada yangu ndiyo kwanza anatoka kwenye bwaki, utapiamlo wa kukosa protini. Nikalipa bila kubisha. Siku ya pili tumbo likamjaa, akaanza kuharisha. Muuguzi aliuliza swali moja tu: "Mama, hiyo soya mliikaanga?"

Ni kweli soya hazilingani. Nyingi zina protini asilimia 36 hadi 40 ya uzito wa punje kavu. Nyingine huzidi kidogo, na mara nyingi protini ikipanda mafuta hushuka. Hata ndani ya protini kuna tofauti: kubwa ni mbili, glisinini na beta-konglisinini, na mbegu yenye glisinini nyingi humpa mtoto zaidi methionini, kijenzi cha protini ambacho soya ina upungufu nacho. Lakini hayo hupimwa maabara, huyaoni kwa rangi ya punje. Asilimia 70 haitoki shambani, iwe Kabare au Walungu. Hiyo ni ya kiwandani, baada ya kuondoa mafuta na sukari.

Linaloniuma zaidi ni hilo la kutokaanga. Soya mbichi ina kizuizi kinachozuia kazi ya tripsini (kimeng'enya kinachovunja protini tumboni), na moto ndio unaokimaliza kizuizi hicho. Zipo mbegu zilizopunguziwa kizuizi kikubwa, kile cha Kunitz, ila kingine hubaki, kwa hiyo moto ni lazima. Ukimpa mtoto dhaifu soya mbichi, hata protini ya chakula kingine inampita.

Nikaujaribu ule unga. Kijiko kimoja, maji kidogo, matone ya Betadine, ile dawa ya vidonda yenye iodini, ambayo hugeuza wanga kuwa bluu nyeusi. Soya iliyokomaa karibu haina wanga, hivyo hubaki na rangi ya kahawia. Wangu uligeuka bluu nyeusi papo hapo: mna mahindi au muhogo ndani, na unga wa muhogo protini yake haifiki hata asilimia 3. (Masoso, ule unga wa kuchanganya na soya, lazima igeuke, mahindi na mtama vimo. Jaribu unga unaouzwa kama soya tupu.)

Nunueni punje, zichagueni, zikaangeni mpaka zinukie, mzipeleke mashini wenyewe na msimame hapo zikisagwa. Mtoto aliyekwisha kunywa unga huo na anaharisha apelekwe kituo cha afya leo.

Nimebaki na kilo 4. Jumamosi asubuhi ninazirudisha kwa yule muuzaji, na Betadine mkononi. Aliyeuziwa kama mimi aje na mfuko wake tuongozane.