GCompris kwa watoto wa awali na darasa la kwanza: uzoefu wangu

Natumia GCompris na watoto wa miaka mitano hadi saba kwenye chumba cha kompyuta cha shule binafsi ya English medium. Ni programu ya bure ya michezo ya kujifunzia, inatoka kwa KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu huria. Ilianza mwaka 2000 na ina michezo zaidi ya 100. Programu yenyewe naipa alama za juu. Kinachoharibu vipindi ni kipanya, kibodi na ratiba ya mwalimu, kwa hiyo nitakaa zaidi huko.

Kusakinisha hakuna ugumu, ila kuna mambo mawili. Kwenye desktop za mtumba zenye kadi ya picha ya zamani, programu inaweza kufunguka ikaonyesha skrini nyeusi au ikajifunga yenyewe. Usikimbilie kufuta Windows. Badilisha uchoraji wa picha utoke OpenGL (unaotegemea kadi ya picha) uwe software (unaofanywa na prosesa ya kompyuta). Itakuwa nzito kidogo lakini itafanya kazi. La pili ni sauti. Mara ya kwanza inapofunguliwa, programu hutaka kupakua sauti za kutamka herufi na maneno. Bila intaneti siku hiyo, mchezo wa kusikia herufi na kuibofya unabaki bubu na hauna maana. Unganisha mashine moja tu, acha ipakue kila kitu, kisha nakili folda yake ya kache (inakohifadhi vilivyopakuliwa) kwa flashi kwenda kwenye mashine nyingine. Changanua hiyo flashi kwanza, maana kwenye chumba cha kompyuta virusi vya shortcut havihitaji mwaliko.

Sasa kipanya. Mtoto wa awali hukishika kwa kiganja kizima, kwa hiyo anabonyeza kushoto na kulia kwa pamoja na menyu ya kulia inamfungukia kila dakika. Nunua vipanya vidogo vya laptop na ubandike stika nyekundu kwenye kitufe cha kushoto. Kwenye mipangilio ya kipanya, shusha kasi ya mshale, toa tiki kwenye "Enhance pointer precision", na kasi ya kubofya mara mbili ivute karibu na mwisho wa Slow. Meza ikiwa ni fomeka inayong'aa, mshale utaruka hovyo. Weka kipande cha manila chini ya kipanya, inatosha.

Mpangilio wa michezo ninaoufuata ni huu: wiki mbili za kufuta picha kwa kupitisha kipanya tu, kisha kufuta kwa kubofya mara moja, kisha mara mbili, halafu penalti. Kwenye penalti mtoto hubofya mara mbili upande wa goli. Akichelewa kati ya mibofyo, pengwini aliye golini anadaka. Hakuna maelezo ya mwalimu yatakayofundisha kubofya haraka vizuri kuliko hapo. Kuburuta kunakuja mwisho kabisa. Kosa la walimu wengi ni kuanza na mafumbo ya kupanga vipande wiki ya kwanza: mtoto anatakiwa ashikilie kitufe huku mkono unasogea, kidole kinaachia katikati ya safari, kipande kinarudi kilikotoka, na hapo unasikia "teacher, imekataa".

Kibodi ina mtego ambao wengi hawauoni. Darasani watoto wanafundishwa herufi ndogo, kibodi imeandikwa herufi kubwa. Anayejua "a" na "g" za daftari hazioni popote. GCompris ina sehemu ya kuchagua herufi zote ziwe kubwa. Iwashe kwa mchezo wa herufi zinazoanguka, mpaka watakapozoea vitufe. Zima na Sticky Keys za Windows. Mtoto akigonga Shift mara tano, na atagonga, kisanduku kinajitokeza juu ya mchezo na yeye hawezi kukisoma.

Menyu ni pana mno kwa umri huu. Ukigeuka, mtu yuko kwenye chess. Weka nyota kwenye michezo minne ya wiki hiyo ili ionekane kwenye kichupo cha vipendwa, chuja kiwango cha ugumu, kisha kwenye shortcut ya programu ongeza --enable-kioskmode. Vitufe vya kutoka na vya mipangilio vinapotea. Fanya hivyo mwishoni, ukishamaliza kupanga, la sivyo utajifungia nje mwenyewe.

Hesabu ya muda ndiyo wazazi hawaambiwi. Chukua darasa la watoto 36 na mashine 18, kipindi cha dakika 30. Dakika 5 za kuingia na kukaa, 5 za kutoka, zinabaki 20 za watoto wawili wawili. Kila mmoja anashika kipanya dakika 10. Vipindi viwili kwa wiki ni dakika 20, siyo "saa nzima ya kompyuta" iliyotajwa kwenye kipeperushi cha ada. Tumia kengele ya kubadilishana, usitegemee huruma ya mtoto aliyeshika kipanya. Nunua na kigawanya sauti ili wote wawili wavae hedifoni.

Na mwalimu wa darasa abaki chumbani. Wa kompyuta anajua mashine. Wa darasa anajua nani bado hatofautishi b na d. Akienda kusahihisha madaftari, mwalimu mmoja anageuka fundi wa mashine 18 na ufundishaji umekwisha. Kingine: acheni kuwakaririsha kuwa lile boksi ni "CPU". CPU ni chipu iliyo ndani yake.

Udhaifu ninaouona kwenye programu ni kwamba, kwa jinsi ninavyoitumia, hainipi rekodi ya kila mtoto. Nina daftari lenye safu nne: anabofya, anabofya mara mbili, anaburuta, anaandika jina lake. Tiki huwekwa baada ya kumwona akifanya peke yake, mwenzake mikono juu ya mapaja.

Kwa darasa la kwanza muhula wa mwisho nawapa mchezo wa kumwelekeza pengwini kwa samaki kwa amri za kwenda mbele, kugeuka kushoto na kugeuka kulia. Wanakwama sehemu ileile: pengwini akitazama chini, kushoto kwake kunakuwa kulia kwa mtoto. Kueleza kwa mdomo hakusaidii. Mtoe mtoto kwenye kiti, asimame kwenye vigae vya sakafu akiwa ameelekea anakoelekea pengwini, mwenzake amsomee amri moja moja, kigae kimoja kwa kila "mbele". Akirudi kwenye skrini atageuza mwili wake kwanza ndipo abofye.